Simu ndogo mpakani: Kurudi nyuma au kujihami?

MTU anayerejea Rwanda kutoka Kivu Kusini kwa njia ya Rusizi, mara nyingi safari yake ya kwanza hukomea Nyarushishi. Hiki ni kituo cha mapokezi ya muda kilichoko sekta ya Nkungu, wilaya ya Rusizi, eneo ambalo wengi wetu bado tunaliita Cyangugu. Desemba 2019 kilipokea familia zilizotoka Kalehe baada ya jeshi la Kongo kuwasambaratisha waasi wa CNRD. Desemba 2025, mapigano ya Uvira yalipowasukuma Wakongo kuvuka kupitia Bugarama, baadhi yao pia walipokelewa huko.

Anayefika pale huwa na vitu vichache: watoto, fungu la nguo, karatasi kama anazo, na simu. Ndani ya simu mna laini ya Kongo ambayo huku haimsaidii sana. Ni hapo ndipo linapoanza swali linaloonekana dogo, lakini linalogusa fedha, usalama na undugu: aendelee na simu kubwa ya kioo, au achukue simu ndogo ya vitufe yenye tochi?

Swali hilo hilo analo mama anayevuka kila asubuhi daraja la Rusizi kwenda Bukavu na nyanya, mayai au unga, na kurudi jioni na vitenge au mawese. Si mgeni huyu. Lakini naye amekwisha kuona simu kubwa ikimwangukia majini, ikizima saa nane mchana, au ikimaliza salio bila yeye kupiga hata mara moja.

Waliorudi kutoka Tanzania, hasa walioondolewa Kagera mwaka 2013, huiita simu hiyo ndogo kitochi. Majirani zetu Wakenya wanaijua kwa jina la mulika mwizi. Majina yote mawili yana dhihaka ndani yake, kana kwamba mwenye nayo ameachwa na wakati. Hoja ya makala haya ni kwamba dhihaka hiyo haina msingi. Kwa mtu wa mpakani, simu ndogo ni njia ya kupunguza hasara. Lakini itaendelea kuwa hivyo kwa sharti moja tu, ambalo haliko mikononi mwake. Tutalifikia.

Fedha iko kwenye laini

Kwanza tuondoe hofu iliyo kubwa kuliko zote. Wapo wanaoamini kwamba wakiacha simu kubwa watapoteza fedha zao. Sivyo. Fedha ya simu haikai ndani ya simu. Inakaa kwenye akaunti ya kampuni iliyofungwa na namba yako na neno lako la siri. Ukitoa laini kwenye simu ya kioo na kuiweka kwenye kitochi, akiba yako itakufuata.

Historia yenyewe inathibitisha hilo. Rwandacell ilianza kazi mwaka 1998, enzi ambazo simu ya mkononi ilikuwa alama ya cheo. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu yake ya 1100, yenye tochi na vitufe vilivyofunikwa ili vumbi lisiingie. Ziliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani, na betri ya aina yake, BL-5C, hadi leo inatumika katika simu nyingi ndogo za viwanda vingine. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, MTN ilipoanzisha Mobile Money hapa Rwanda mwaka 2010, na Vodacom ilipopeleka M-Pesa Kongo mwaka 2012, wateja waliolengwa walikuwa wenye simu za namna hiyo. Simu ya kioo ilikuja baadaye na kuikuta fedha imekwisha kuzoea kitochi.

Njia inayotumika ni ile ya kubonyeza nyota na reli. Ujumbe wake hupita kwenye mkondo ule ule ambao mtandao hutumia kuongoza simu zako. Hauhitaji kifurushi cha intaneti wala programu ya kupakua. Kwa *182# unatuma fedha, unalipa dukani na kununua umeme. Kwa *909# unafika Irembo. Kwa *506# unaweka akiba ya Ejo Heza, mpango wa pensheni ulioanzishwa mwaka 2018. Mkulima wa Nkungu anayetaka mbolea ya ruzuku anao mfumo wa Nkunganire kwa *774#. Yote hayo yanafanyika kwenye simu isiyo na kamera.

Kwa anayerudi kutoka Kongo, basi, mpangilio wa mambo ni huu: kwanza kitambulisho, pili laini, tatu simu. Tangu Rwanda ianze kusajili laini mwaka 2013, namba isiyo na kitambulisho nyuma yake haina maisha marefu. Laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji au la dereva wa pikipiki aliyekusaidia siku ya kwanza si yako. Siku mtakapokosana, au yeye akipoteza kitambulisho chake, fedha iliyomo itabaki na jina lake.

Mwaka 2025, kila mtu mzima aliyerejea kwa mpango wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi alipewa dola 188, na mtoto dola 113. Kwa bei ya dola ya mwaka huo, fungu la mtu mzima lilizidi faranga 250,000. Ni fedha ya kuezeka paa, kununua mbuzi au kuanzia genge. Ni fedha pia ambayo muuzaji wa simu zilizotumika anaweza kuikata kipande kikubwa kwa dakika tano. Anayeanza maisha upya hana sababu ya kuitoa kafara kwa ajili ya kioo.

Hasara za simu kubwa mpakani

Kwa nini basi anayevuka mpaka aiogope simu kubwa? Sababu ya kwanza ni betri. Anayetoka nyumbani Nkungu alfajiri, akapanda pikipiki hadi Kamembe, akavuka na kushinda sokoni Bukavu, anahitaji simu itakayokuwa hai jioni. Simu ya kioo iliyochoka haifiki. Ikizima, si mazungumzo tu yaliyozima. Duka limezima na mkoba umefungwa. Kitochi hukaa siku kadhaa bila kuguswa, na betri yake ikifa hununuliwa nyingine na kuwekwa na mwenyewe, bila fundi.

Sababu ya pili ni mnara wa jirani. Kamembe na Bukavu zinatazamana. Simu inaweza kushika mtandao wa nchi ya pili hata kabla mwenyewe hajavuka, na simu ya kioo haitulii: inapakua picha, inasasisha programu, inaulizia barua pepe. Kazi hiyo yote ikifanyika kwenye mtandao wa ng'ambo, salio linakwisha mfukoni. Itakumbukwa kuwa Rwanda, Kenya na Uganda zilianza kuondoa gharama za juu za kupigiana simu mwaka 2014 kwa mpango wa mtandao mmoja. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kujiunga kwenyewe hakukuja na nafuu hiyo. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi hupendelea simu ya laini mbili, moja ya huku na moja ya kule. Vitochi vya laini mbili ni vingi na ni nafuu.

Sababu ya tatu ni kodi na bei. Septemba 2020 Kongo ilianza kutoza ada ya kusajili simu iliyojulikana kama RAM. Mwenye simu ya 2G alikatwa kiasi cha dola moja na senti kadhaa kwa mwaka. Mwenye simu ya 3G au 4G alikatwa dola 7. Fedha hiyo iliondolewa kwenye salio, na watu wa Bukavu wanakumbuka jinsi vocha ilivyokuwa ikiingia na kutoweka. Wananchi walipiga kelele hadi ada hiyo ikafutwa mwaka 2022. Kwa upande wa Rwanda, mwaka 2025 serikali iliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani uliokuwa umetolewa kwa simu za mkononi tangu mwaka 2010. Kodi hiyo ni asilimia 18. Kwenye simu ya bei ndogo inauma kidogo, kwenye simu ya bei kubwa inauma sana.

Sababu ya nne ndiyo nzito zaidi. Februari 2025 wapiganaji wa AFC/M23 waliingia Bukavu, wiki chache baada ya kuiteka Goma. Benki za miji hiyo zilifunga milango. Fedha taslimu ziliadimika, na mawakala wa simu wakawa ndio benki. Katika hali kama hiyo, mtu anayetembea na simu ya kioo anabeba mali mbili kwa pamoja: chombo chenyewe ambacho mwizi anakitaka, na fedha iliyomo ambayo mwizi pia anaitaka. Mwenye kitochi anabeba moja tu, na hiyo imefungwa kwa neno la siri.

Lipo pia jambo la kilichomo ndani. Simu ya kioo ni shajara ya maisha ya mtu. Ina picha zake, sauti za ndugu zake, na makundi ya WhatsApp ambamo mtu asiyemfahamu anaweza kutuma lolote. Katika mpaka wa nchi mbili zisizoaminiana, picha moja ya mtu mwenye sare, ambayo hata hukuiomba, inaweza kuzaa maswali ya saa nzima mbele ya mtu mwenye bunduki. Anayerudi baada ya miaka mingi msituni au mjini ng'ambo anaulizwa maswali ya kutosha hata bila simu kumuongezea mengine. Hii haina maana kwamba kila mwenye kitochi ana la kuficha. Ana kidogo cha kuelezea, basi.

Anachopoteza

Haitakuwa haki kuishia hapo. Anayeacha simu kubwa anapoteza vitu vya kweli, na hasara hiyo haipimwi kwa bei ya simu peke yake.

Anapoteza picha. Mteja wa Bukavu anayetaka kitenge cha rangi fulani hutuma picha, na mfanyabiashara humjibu kwa picha. Kwa kitochi ni lazima kueleza kwa mdomo, na maelezo ya mdomo yamekwisha kuleta ugomvi mwingi sokoni. Anapoteza kupiga simu za ng'ambo kwa gharama ya kifurushi. Kwa familia zilizogawanyika, mmoja Nkungu, mwingine Uvira, mwingine kambi ya Nakivale nchini Uganda, hilo ni pigo. Aliyesajili biashara yake na kutoa stakabadhi za EBM kwa simu ya kioo naye hawezi kuiacha tu.

Anapoteza pia habari, ingawa hapa kuna ubishi. Wakati wa vita vya mwaka 2025, makundi ya WhatsApp ndiyo yaliyowaeleza wengi kama mpaka umefunguliwa au umefungwa. Makundi hayo hayo yalisambaza uvumi uliowafanya watu wafunge virago usiku bila sababu. Mwenye kitochi hana uvumi mwingi, lakini pia anachelewa kupata habari ya kweli. Dawa yake ya zamani bado inafanya kazi: redio, ambayo vitochi vingi vinayo, na simu moja kwa mtu anayeaminika aliyeko upande wa pili.

Palikuwapo na jaribio la njia ya katikati. Simu za vitufe zilizotumia mfumo wa KaiOS ziliuzwa barani Afrika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 kwa ahadi kwamba mtu angepata WhatsApp kwa bei ya chini. Lakini WhatsApp ilisitisha huduma kwenye mfumo huo mwaka 2025. Walionunua kwa ajili hiyo walibaki na kitochi cha bei ya juu. Funzo lake ni kwamba kinachotegemea uamuzi wa kampuni ya mbali kinaweza kuondoka bila kukuuliza.

Wala kitochi hakimkingi mtu na matapeli. Tapeli wa kwetu hahitaji intaneti. Anatuma ujumbe unaofanana na wa kampuni, kisha anapiga na kusema: "Mama, samahani, fedha yangu imekuja kwako kwa makosa, nirudishie." Anayerudisha bila kuangalia salio lake anatoa fedha yake mwenyewe. Kinga ni kubonyeza na kuangalia salio kabla ya kujibu, na kutomtajia mtu yeyote neno la siri, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni.

Na lipo jambo la daftari. Kitochi huhifadhi ujumbe mchache. Kasha likijaa, mwenyewe hufuta, na anachofuta ndicho kilichokuwa ushahidi wake kwamba alilipa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayehamia simu ndogo arudie daftari la karatasi: tarehe, jina, kiasi, na namba ya muamala.

Simu kubwa nyumbani, ndogo njiani

Ukiweka faida na hasara pamoja, unaona kwamba kosa liko katika kuuliza ni simu ipi bora. Kila simu ina mahali pake. Simu ya kioo inafaa nyumbani, pasipo na mvua wala msongamano wa mpakani, mahali ambapo mtoto ataisomea, mama atatazama picha za bidhaa jioni, na ndugu wa mbali ataonekana sura. Kitochi kinafaa njiani. Kwa maneno mengine, kaya iwe na simu kubwa moja, na anayevuka mpaka avuke na ndogo.

Mpangilio huo haupingani na sera ya serikali. Kampeni ya Connect Rwanda ilipoanzishwa Desemba 2019, lengo lake lilikuwa kuzifikishia kaya simu za kioo. Awamu ya pili ya mwaka 2023 ilileta simu za 4G kwa bei ya ruzuku ya faranga 20,000. Kaya ndiyo iliyolengwa, na kaya ndiyo mahali sahihi pa simu hiyo. Hakuna sera iliyosema kwamba simu hiyo lazima ipite kila siku kwenye daraja la Rusizi ndani ya kitenge kilichofungwa kiunoni.

Anayeamua kuhama afanye mambo manne kabla ya kutoa laini. Anakili namba zote muhimu kwenye laini yenyewe na kwenye daftari, kwa sababu namba zilizohifadhiwa kwenye simu hazitahama. Aangalie ukubwa wa laini: iliyokatwa ndogo kwa ajili ya simu ya kioo inahitaji kifuko cha plastiki ili ikae kwenye kitochi. Kama anauza simu kubwa, aifute yote, kwani picha na akaunti zake zitakwenda na mnunuzi. Na laini ya Kongo anayoiacha asiiache na fedha ndani. Namba isiyotumika kwa muda mrefu huchukuliwa na kampuni na kupewa mtu mwingine.

Sharti lisilo mikononi mwetu

Sasa tulifikie lile sharti. Kila kilichosemwa hapo juu kinategemea nyota na reli, na mitandao ya zamani inayoibeba. Duniani, mitandao hiyo inazimwa. Australia ilimaliza kuzima 2G mwaka 2018 na 3G mwaka 2024. Sera ya Afrika Kusini ya mwaka 2024 iliweka mwisho wa mwaka 2027 kuwa ukomo wa 2G na 3G. Sababu zao zinaeleweka: masafa ni mali adimu, na mitandao mipya hubeba mengi zaidi. Siku upepo huo utakapofika Maziwa Makuu, kitochi cha 2G kilichopo leo kitageuka kuwa tochi tu.

Ulaya na Marekani wapo vijana wanaoiacha simu ya kioo ili wapumzishe akili zao, na simu ya Nokia 3310 ilitolewa upya mwaka 2017. Wao wakichoka na mtindo huo watarudi walikotoka. Mama wa Rusizi hana pa kurudi. Akizimiwa mtandao wa zamani, anazimiwa mkoba, mbolea, bima ya afya na akiba ya uzeeni kwa siku moja.

Hatari nyingine iko karibu zaidi, nayo haina kelele. Ni huduma mpya kutengenezwa kwa simu ya kioo peke yake, kwa kuwa anayeibuni ameketi Kigali na anayo. Kila ofisi inayoanzisha huduma ijiulize swali moja: mtu aliyefika Nyarushishi jana, mwenye kitochi na kitambulisho cha wiki moja, ataipata vipi? Kama jibu ni kwamba atafute kijana wa kumsaidia, huyo ameambiwa ampe mtu mwingine neno lake la siri.

Mamlaka zinazosimamia mawasiliano, kwa hiyo, zina la kufanya. Huduma za umma ziendelee kuwa na njia ya nyota na reli. Na mitandao ya zamani isizimwe kabla vitochi vinavyoshika 4G havijafika sokoni kwa bei ya kitochi. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo, iliyoipokea Kongo mwaka 2022, ikumbuke kwamba soko la pamoja la watu wadogo huanza na simu ya kuuliza bei ya nyanya ng'ambo ya daraja.

Kwa msomaji anayevuka kesho asubuhi, uamuzi ni mwepesi zaidi. Simu kubwa ibaki mezani nyumbani. Ndogo iingie mfukoni, ikiwa na chaji ya jana, laini mbili na daftari pembeni yake. Atakayemcheka sokoni Bukavu saa tatu asubuhi, huenda ndiye atakayemwomba simu ya kumpigia wakala saa kumi jioni.